Mheshimiwa Aliyeshika Bawa

Abiria wa mwanamama rubani Corliss Nyholm walimjua kwa jambo moja: angani alikuwa kasuku, chini alikuwa bubu. Ndege ikiwa juu ya mito iliyoganda angekusimulia habari za goti lake, za mbwa wake mwizi wa samaki, za dada yake aliyeolewa na bosi wake. Lakini magurudumu yakishagusa ardhi, mdomo ulifungwa mpaka injini izimwe. Ukimsemesha, alinyanyua kidole kimoja bila kugeuka.

"Juu kuna nafasi," alieleza baadaye, wakati wa kushusha mizigo. "Chini ndiko kuna vitu."

Na vitu vilikuwepo. Katika vijiji vya mtoni kule Alaska ya magharibi, theluji inayoondolewa kwenye njia ya kurukia ndege haiendi mbinguni. Inasukumwa pembeni, na huko pembeni inarundikana na kuganda mpaka inakuwa tuta gumu kama ukuta wa zege. Ndege ya Corliss ilikuwa ya injini moja na viti sita, mabawa yake chini kama mikono ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Mwenye mabawa ya juu hupita juu ya tuta akicheka. Mwenye mabawa ya chini hupita kwa adabu. Basi Corliss aliitembeza ndege yake kwa mwendo wa mtu aliyeshika bakuli la supu ya moto. Breki alizigusa kama unavyogusa jipu. Akiingiwa na shaka alizima injini, akashuka, akaomba watu wasukume, wala hakuona haya. Miaka yote aliyomrushia ndege shemeji yake, Stan Pruett, hakuwahi kukwaruza hata rangi. Stan alikuwa amemtundikia ngao ya shaba ofisini, juu ya birika la kahawa, na marubani wenzake waliitazama ile ngao kila asubuhi kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayesifiwa kwa kuosha vyombo.

Sifa hizo zilipata doa mwezi wa Februari, siku aliyompeleka Mheshimiwa Randall Tisdale kijijini Kuiglak.

Mheshimiwa Tisdale alikuwa mbunge wa umbo la kabati na sauti nzuri sana, sauti ya kumfanya mtu akubali kabla hajasikia anachokubali. Mwaka uliotangulia ndiye aliyesimama bungeni kutaka fungu la kulima theluji kwa greda kwenye viwanja vya ndege vya vijijini lipunguzwe. "Kila kijiji kijilimie theluji yake," alisema, na maneno hayo yalipigiwa makofi mengi mijini, ambako theluji hulimwa na manispaa. Sasa uchaguzi ulikuwa unakaribia, naye alikuwa anakwenda Kuiglak kuwaeleza watu uzuri wa kujitegemea. Alifuatana na msemaji wake, Dwight Amaral, mtu mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mambo yakitokea, kisha kuyaeleza yalivyopaswa kutokea.

Mheshimiwa alilala kabla ndege haijamaliza kupanda. Alikuwa amekaa mbele, kando ya Corliss, kichwa kimeangukia dirishani, mdomo wazi, akikoroma kwa ile ile sauti nzuri.

Walitua vizuri. Greda la Kuiglak lilikuwa limekufa tangu Krismasi ya Kiorthodoksi ya mwezi Januari, likisubiri kipuri ambacho kingenunuliwa na lile fungu lililopunguzwa. Kwa hiyo Ephrem Nicori, mtunza uwanja, alikuwa akilima theluji kwa pikipiki ya magurudumu manne iliyofungwa kibao mbele. Alichofanikiwa kupata kilikuwa kichochoro. Pale kichochoro kilipokata kona kwenda kwenye uwanja wa kuegesha, matuta mawili yalisimama kulia na kushoto, na chini palikuwa na barafu tupu, inayong'aa kama sahani.

Hapo ndipo Dwight alipoinama mbele kutoka kiti cha nyuma, simu mkononi.

"Kapteni, nigeukie kidogo. Nakurekodi. Sema neno kuhusu akina mama marubani."

Siku nyingine yoyote angeonyeshwa kidole. Lakini asubuhi ile Corliss alikuwa ameosha nywele, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumrekodi isipokuwa binamu yake, harusini, tena kwa bahati mbaya. Binadamu ni nyama na damu. Akarekebisha kofia, akageuka.

"Neno gani?" akauliza.

Supu ikamwagika. Alipotazama tena mbele, kona ilikuwa imeshafika nao walikuwa wanakwenda mbio kuliko mtu mwenye bakuli. Akakanyaga breki, na kwenye barafu breki ni ombi tu. Magurudumu yakateleza. Ncha ya bawa la kushoto ikapanda juu ya tuta, ikang'ang'ania hapo, na ndege nzima ikazunguka kuifuata, pua ikielekea ukuta wa theluji. Corliss akakata mafuta. Pangaboi la puani likazunguka kwa uvivu mara chache, likasimama kiasi cha kiganja kutoka kwenye tuta.

Mheshimiwa akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Tumefika, Mheshimiwa," alisema Corliss.

Watu wa Kuiglak walikuwa wamekuja kumpokea mgeni kwa pikipiki zao za theluji, na sasa walizizima zote, wakasimama kutazama. Dwight aliteremka kwanza. Mheshimiwa akamfuata, akapita juu ya bawa, akaruka chini na viatu vyake vya ngozi vya mjini. Miguu ikaenda huku, kiwiliwili kule. Katika kuhangaika asianguke mbele ya wapiga kura, akalidaka bawa la ndege kwa mikono miwili na kuliegemea kwa nguvu zake zote, meno nje, mishipa ya shingo imemtoka.

Dwight akapiga picha.

Picha ile ilikuwa na kila kitu: tuta, bawa lililopanda juu yake, pangaboi karibu na theluji, na mtu mkubwa amejitosa mzima mzima kuizuia ndege. Dwight aliitazama kwenye simu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeokota pete.

Vijana wakaisukuma ndege kutoka kwenye tuta. Kioo cha taa ya bawani kilikuwa kimepasuka, basi. Wakaenda shuleni kwenye mkutano, ambako palikuwa na samoni wakavu, biskuti ngumu na chai. Kabla Mheshimiwa hajasema neno lolote kuhusu kujitegemea, Dwight alisimama akawaambia watu kwamba wamebahatika kupata kiongozi mwenye macho. Kwamba ndege ilipoanza kuteleza, ni Mheshimiwa aliyeona, ni Mheshimiwa aliyeruka, na ni Mheshimiwa aliyeshika bawa.

Watu wa Kuiglak walitazamana. Ni watu wapole, hawamkatizi mgeni anapodanganya; humwongezea chai. Mheshimiwa mwenyewe alionekana kushangaa kidogo, kisha akaanza kukumbuka.

Ephrem Nicori alikwenda kusimama karibu na Corliss, penye birika.

"Dada," alisema polepole, akitafuna, "mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwenye kona."

"Najua."

"Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa amelala kama sili wa baharini juu ya barafu. Au alikuwa anaomba?"

"Ephrem, niache."

"Nimekuacha. Nauliza tu, maana mimi nina macho mabovu."

Corliss akajimiminia chai. Aliifikiria ile ngao ya shaba. Akawafikiria na marubani wenzake, jinsi ambavyo wangekuja ofisini mmoja mmoja kumpa pole huku wakitabasamu. Akajiambia kwamba uongo haukuwa wake. Yeye alikuwa amekaa karibu nao tu.

Alipotua Harlan Landing, mji wa kampuni yao, picha ilikuwa imemtangulia. Stan alikuwa mlangoni pa ofisi, simu mkononi, uso unawaka.

"Shemeji, tumetoka gazetini. Jina la kampuni linasomeka vizuri kabisa pale mkiani."

"Stan, nilikwenda mbio kwenye kona."

"Kila mtu huteleza. Cha muhimu, abiria alikuwa macho." Akamwekea kahawa, chini ya ngao. "Ungekuwa na abiria mwingine, pangaboi lingegonga, na saa hii tungekuwa tunazungumza kuhusu injini mpya."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hao hawakuishi kule, ambako yakimwagika huganda na unayaokota kwa mkono. Lakini uongo humwagika kama maji ya nchi za joto. Ndani ya wiki moja redio iliongeza upepo mkali. Wiki iliyofuata akaongezwa ajuza aliyekuwa akikatiza mbele ya pangaboi, na huyo ajuza alipata umaarufu kiasi kwamba wanawake kadhaa wa Kuiglak waliulizwa kama ni wao, na mmoja akakubali, kwa sababu alikuwa anataka nauli ya bure kwenda kumwona daktari wa meno. Corliss naye alihojiwa. Kila mara alijibu, "Mambo yalikwenda haraka," jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo kila mwandishi aliliandika kama ushahidi.

Kilichofuata hakikumshangaza mtu anayeijua siasa. Bunge liliunda kamati ya usalama wa viwanja vya ndege wakati wa baridi, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Tisdale. Mwezi Machi, theluji ikiwa bado imejaa tele, alikuja Harlan Landing kuwafundisha marubani namna ya kutembeza ndege ardhini.

Somo lilifanyika katika ukumbi wa zimamoto. Marubani walikuja wote, wengine kwa sababu Stan aliwalazimisha, wengine kwa sababu palikuwa na maandazi. Corliss aliwekwa kiti cha mbele kama bibi harusi. Ephrem Nicori naye alikuwepo. Alikuwa amekuja mjini kuulizia kile kipuri, akaambiwa bado, akaamua kujipoza kwa andazi.

Mheshimiwa alisimama mbele ya picha yake iliyokuzwa ukutani, kubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Tuta la theluji," alianza, na sauti ile ikaujaza ukumbi kama harufu ya mkate, "ni kama mpinzani. Ukipunguza mwendo, limekuona unaogopa."

Marubani walitazama vikombe vyao.

"Mkiwa na mashaka, ongezeni nguvu. Piteni kabla halijawashika. Na daima, ndugu zangu, daima, abiria mzito zaidi akae upande wa tuta, awe tayari kuruka."

Kwenye kiti cha nyuma ya Corliss kulikuwa na rubani aliyeajiriwa juzi, mtu wa makamo kutoka jangwa la Arizona, ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuona theluji ila kwenye friji. Corliss alisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Akageuka. Yule bwana alikuwa ameandika "ongeza nguvu" na kupigia mstari.

Ngao ni kitu kimoja. Mtu kuzika pangaboi kwenye tuta, pengine na watu wamesimama karibu, ni kitu kingine. Corliss akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Hayo si kweli." Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akaanza upya. "Hukuona chochote, ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa nakwenda mbio, nikageuka nyuma kupigwa picha, nikakanyaga breki kwenye barafu. Bawa likapanda tuta kwa uzembe wangu. Na wewe ulilishika ili usianguke. Ndugu zangu, msiongeze nguvu. Nendeni polepole kuliko mnavyotaka, na mkiona shaka zimeni injini, mshuke msukume."

Dwight Amaral, pale ukutani, aliacha kupumua. Kisha Mheshimiwa akaweka mkono kifuani, na macho yake yakalengwa na machozi ya kweli kabisa.

"Mnaona," alisema taratibu, "mnaona jinsi mtu mkubwa anavyobeba lawama isiyo yake, ili wadogo wajifunze? Huu ndio unyenyekevu wa watu wetu wa kaskazini. Naomba tumpigie makofi."

Wakampigia makofi. Stan alisimama kabisa, akapiga mluzi. Yule bwana wa Arizona akaandika "unyenyekevu." Ephrem peke yake ndiye aliyekuwa akicheka, kichwa chini, sukari ya andazi ikimwagikia kifuani.

Corliss alikaa, masikio yakimwaka moto. Alikuwa amekesha usiku kadhaa akiuogopa ukweli ule, na sasa alikuwa ameutoa hadharani na hakuna aliyetaka kuupokea. Ephrem alihama kiti, akaja kukaa kando yake.

"Pole, dada. Ukweli wako umetua, lakini hawajaupa pa kuegesha."

"Yule mgeni ataua mtu."

"Basi usimwambie. Mwonyeshe."

Somo lilipokwisha, waandishi waliomba picha nyingine, nje, penye ndege. Corliss akamwendea Mheshimiwa na tabasamu ambalo dada yake angelitambua na kujificha.

"Mheshimiwa, kwa nini picha tu? Tuwaonyeshe kazi yenyewe. Mimi nitembeze ndege mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, wewe utembee kando ya ncha ya bawa, uniongoze kwa mkono. Marubani wote wafuate nyuma, wajifunze."

"Umbali gani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Ah, pale tu."

Dwight alitazama kamera, akatazama anga lililotakata, akaona kichwa cha habari. "Litapendeza," alisema.

Pale tu palikuwa upande wa pili wa uwanja. Corliss aliwasha injini, akaiacha ipate joto kama inavyotakiwa, huku Mheshimiwa akisubiri kwenye upepo na viatu vya ngozi. Kisha akaanza kutembea naye. Hakwenda haraka kuliko yule mtu mkubwa anayeteleza kwenye barafu, na mtu mkubwa anayeteleza kwenye barafu huenda kwa hatua za kuku. Kwenye kila tuta Corliss alisimama akangoja ishara. Ishara ikiwa haieleweki, alizima injini, akafungua mlango.

"Mheshimiwa, mkono huo ni wa kusema nije au nisimame?"

"Njoo."

"Basi unyanyue vizuri, wanafunzi wanatazama."

Nyuma yao marubani wote walitembea kimya, mikono mifukoni, kama watu wanaosindikiza maiti ya mtu wasiyemjua sana. Ephrem alikuwa miongoni mwao, akimweleza yule bwana wa Arizona taa za pembeni zilikofukiwa na theluji na rangi ya barafu ya kuogopwa.

Walipopita karakana, ndevu za Mheshimiwa zilikuwa zimeganda.

"Dada," aliita kupitia kidirisha, sauti nzuri imebaki nusu, "si wameshaelewa?"

"Bado kidogo, Mheshimiwa. Imebaki kona ya pale mbele."

Kwenye ile kona kulikuwa na tuta ambalo upepo ulikuwa umelichonga likatokeza mdomo mbele, na kutoka kwenye kiti cha rubani mdomo ule haukuonekana. Ulikuwa mweupe mbele ya weupe. Corliss aliingia akiwa na uhakika kwamba pana nafasi. Ghafla Mheshimiwa akarusha mikono yote miwili juu, macho yamemtoka, akapiga kelele isiyo na neno ndani yake. Corliss alikuwa anakwenda polepole mno, kwa hiyo alisimama papo hapo. Akazima, akashuka. Kati ya bawa na ule mdomo wa barafu pangepita kitabu, chembamba.

Wakasimama wote wawili wakipatazama.

"Ningegonga," alisema Corliss.

"Niliona," alisema Mheshimiwa. Akapima pale kwa vidole viwili. "Niliona linakuja."

"Uliona vizuri. Asante."

Hilo halikutoka kwenye gazeti lolote. Dwight alikuwa amerudi ukumbini zamani kujipasha moto, na waandishi walikuwa na picha zao za mwanzo, zenye tabasamu.

Sasa, mambo yaliishaje? Yule bwana wa Arizona alifuta "ongeza nguvu," na mpaka leo ndiye rubani mwoga kuliko wote pale Harlan Landing, na anaendelea kuishi. Corliss aliishusha ngao mwenyewe, Stan akairudisha, Corliss akaishusha tena, akaitumia kuzuia mlango wa stoo usigongwe na upepo, na hapo ikapata kazi. Mheshimiwa alipoteza ukucha wa kidole gumba cha mguu kwa baridi, akausimulia kwenye kampeni, akashinda kwa kura nyingi kuliko zamani. Hata Kuiglak alipata kura kadhaa. Ephrem alisema anawajua waliompigia, na kwamba ni wale walioguswa na habari za ule ukucha.

Kipuri cha greda hakikuja. Ila msimu uliofuata, theluji ilipoanza kushika, ndege ya mizigo ilileta Kuiglak kitu kirefu kimefungwa kwa turubai, zawadi ya kamati ya usalama, pamoja na mafundi wawili wa kukisimika. Corliss alikiona siku aliyopeleka barua. Alizima injini mbali kabisa, akashuka, akatembea mpaka pale Ephrem alipokuwa amesimama, koti limefungwa mpaka puani.

Lilikuwa bango la chuma, juu ya nguzo mbili za chuma zilizozamishwa kwenye zege, limesimikwa penye kona, pale pale kichochoro kilipokuwa chembamba zaidi. Maandishi yalikuwa makubwa na mazuri: TEMBEZA NDEGE POLEPOLE. JIHADHARI NA VIKWAZO. Chini yake kulikuwa na picha ya Mheshimiwa ameshika bawa.

Corliss alipima kwa macho. Ukingo wa chini wa bango ulikuwa kimo sawasawa na bawa la ndege yake.

"Niliwaambia wasogeze kidogo," alisema Ephrem. "Wakaniambia vipimo vimetoka juu."

"Theluji unayeyusha. Tuta unalivunja. Hili utalifanyaje?"

"Nimeshafanya." Akatoa mfukoni kitambaa chekundu, akaanza kukifunga kwenye ukingo wa bango, karibu na kiatu cha Mheshimiwa, ili marubani walione kwa mbali. "Haya, nikuitie vijana. Leo tunasukuma."